Simba wa Sindano na Safari ya Hatua Thelathini na Mbili

Kaeni kitako, enyi mnaoweza kukaa kitako, na mkishakaa mshukuru, maana habari hii ni ya mtu aliyenyimwa neema hiyo kwa miaka miwili na hakutaka ijulikane. Za wafalme waliovuka mito na kuteka miji mmeshazisikia mpaka zimewachosha. Hii ni ya fundi cherehani aliyevuka ukumbi wa hospitali kwa hatua thelathini na mbili, akaingia chooni, akafanya kile ambacho mtoto wa miezi sita hukifanya huku akicheka.

Dalili ya kwanza ya vita haikuwa baragumu. Ilikuwa mto wa kukalia.

Mto huo wa sufi, wenye foronya nyeupe, ulikuwa juu ya kiti cha cherehani tangu enzi za marehemu mke wa fundi. Asubuhi moja binti wa fundi, akifagia vipande vya vitambaa, aliona kwamba umebonyea upande mmoja tu. Kushoto ulikuwa bapa kana kwamba pasi imepita juu yake. Kulia umejaa vilevile kama siku uliposhonwa. Maana yake baba alikuwa anakalia tako moja. Binti hakusema kitu. Alikuwa wa maneno machache, wateja walimwita Bi Kimya, na wako walioamini kabisa kwamba ni bubu. Juma lililofuata akaona doa, dogo, jekundu, la ukubwa wa kifungo cha shati. Akaifua foronya kwa maji baridi na chumvi, akaianika ndani nyuma ya pazia, akairudisha. Juma la pili yake kifungo cha shati kikawa kifungo cha koti.

Foronya ya nne nayo ilipokataa kutakata, baada ya tatu kufichwa kabatini, binti alichukua kipande cha pazia jekundu kilichosalia kwenye kazi ya mteja, akashona foronya mpya, akauvika mto. Baba akaukalia asubuhi ile bila kuuliza kwa nini umebadilika rangi. Mtu anayemtambua mteja kwa upana wa mabega akiwa bado ng'ambo ya barabara hakuuona mto ulio chini ya makalio yake mwenyewe. Au aliuona, akashukuru kimoyomoyo, akapiga kimya. Basi wakawa wawili walionyamaza, na wa tatu bawasiri, ambaye yeye hakunyamaza.

Sasa tumtaje shujaa kwa sifa zake, asije akalalamika. Alikuwa Simba wa Sindano, jina alilojipa mwenyewe na kuliandika juu ya mlango kwa rangi ya mafuta. Mfalme wa Mkasi. Mvishaji wa Mabwana Harusi. Mtu Asiyepima Mara Mbili. Kwa maneno alikuwa jasiri kupita majemadari wote waliowahi kupanda farasi. Kwa vitendo aliogopa mende.

Na adui naye apewe haki yake. Vilikuwa vinundu vitatu, ndugu wa tumbo moja, vilivyokaa mlango wa nyuma wa shujaa. Mwanzoni vilitoka nje wakati wa haja na kurudi vyenyewe, kama kuku jioni. Baadaye vikawa havirudi mpaka visukumwe kwa kidole. Mwishowe vikakataa kurudi kabisa, vikapiga kambi langoni, vikatoza ushuru wa damu kila asubuhi. Shujaa alivipaka mafuta ya kila rangi aliyouziwa na wapita njia wenye vipaza sauti. Vikanawiri.

Hapo ndipo alipotangaza dukani kwamba fundi wa kweli hafanyi kazi amekaa. "Kukaa ni kwa makarani," akanena, akiwa ameshika meza ya kukatia kwa mikono miwili. "Mimi nitakata nimesimama. Cherehani nawaachia watoto." Mtoto mwenyewe ni Bi Kimya, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, na akakalia ule mto mwekundu akashona.

Dada mkubwa wa fundi, Shangazi, mwanamke ambaye akinong'ona majirani hufunga madirisha, alipita siku moja akamtazama usoni.

"Wewe mwana wa mama, mbona umekuwa mweupe kama bitana?"

"Ni weupe wa ukoo, dada."

"Ukoo upi? Mimi na wewe tumezaliwa weusi kama chungu. Nenda hospitali."

"Simba haendi hospitali."

"Simba hana akili pia, ndiyo maana analala porini."

Akapuuza. Ikawa siku moja anampima kiuno mwalimu mkuu, na kiuno hicho kilikuwa nchi pana, chataka msafara. Shujaa alizunguka nyuma na utepe wake, macho yakaingia giza, utepe ukamponyoka. Akakikumbatia kiuno cha mwalimu kwa mikono miwili, kama mtu anayeaga, akateremka taratibu mpaka sakafuni. Mwalimu akabaki amesimama, suruali imeshuka magotini, akiita, "Jamani! Jamani! Fundi amenifia miguuni!"

Hakufa. Alipelekwa hospitali, akatundikiwa chupa mbili za damu ya watu asiowajua, watu ambao hawakuwa simba wa kitu chochote.

Daktari mpasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani na raba za kijani. Alisoma karatasi, akamtazama shujaa juu ya miwani.

"Mzee, damu yako imebaki nusu ya inayotakiwa. Ilikuwa inakwenda wapi?"

Shujaa akajiinua kwenye mto wa hospitali. "Daktari, damu ya mfanyakazi hupotea katika jasho. Miaka thelathini nimewavisha watu wa mji huu..."

"Jasho jekundu? Geukia ukutani, magoti kifuani."

"Mimi nina umri wa baba yako! Niitie daktari mwanamume, tena mtu mzima."

"Mtu mzima ndiye mimi. Na baba yangu niliwahi kumgeuza ukutani hivihivi, mpaka leo ananipigia simu. Magoti, mzee."

Nyuma ya pazia Bi Kimya alikuwa amekumbatia mfuko wa nguo, akihesabu vigae vya sakafu ili asisikie. Alisikia. Alisikia glavu zikivutwa, kisha sauti ya daktari, sasa ya upole: "Bawasiri hii imefika daraja la nne, la mwisho. Mafuta hayafui dafu hapa. Tutakata. Umekaa nayo muda gani?"

"Siku chache," akasema Simba wa Sindano.

Bi Kimya alikuwa amefikia kigae cha arobaini. Akaanza upya.

Kisu kilikuja siku mbili baadaye. Shujaa alichomwa sindano ya mgongoni, na nusu yake ya chini ikamtoroka kama jeshi linalomkimbia mfalme wake. Nusu ya juu ikabaki inahutubia. Aliuliza uzi ni namba ngapi. Aliuliza sindano ni ya wapi. "Nyamaza, mzee, nisije nikakata kisichohusika," akajibiwa, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mji huo alinyamaza alipoambiwa. Kabla saa haijaisha, wale ndugu watatu walikuwa wamelala kwenye kisahani, wamesinyaa kama zabibu kavu. Vitu vidogo hivyo ndivyo vilivyomwangusha Mfalme wa Mkasi.

Hapa ndipo chombo kilipoanza kwenda mrama. Daktari alipopita wodini jioni, shujaa akamuuliza, kama fundi anavyomuuliza fundi, "Mshono umekaaje?"

"Hakuna mshono."

"Umesemaje?"

"Mishipa ya damu nimeifunga. Kidonda nimekiacha wazi makusudi, kitajifunga chenyewe, kutoka ndani kuja nje. Majuma sita hivi. Kazi yako wewe ni kula papai, kunywa maji mengi, kunywa dawa ya kulainisha, kukalia beseni la maji ya uvuguvugu, na kwenda choo. Usibane choo. Ukikibana kitakauka kiwe jiwe, jiwe likipita litakuchana upya, na damu ya kuchezea huna. Ukishakwenda, nakuruhusu nyumbani."

Shujaa alisubiri raba za kijani ziishie ukumbini, akamshika binti yake mkono.

"Umemsikia? Amekata, hakupinda! Hata mwanagenzi wa siku ya kwanza anajua, kitambaa kisichopindwa kikivutwa kinafumuka. Mimi kitu hakipiti hapo mpaka pindo lishike."

Binti akamsogezea papai.

"Majuma sita, si amesema mwenyewe? Basi. Kisipoingia kitu, hakitatoka kitu. Hesabu nyepesi."

Ndivyo alivyoanza kuuzingira mji wake mwenyewe. Kosa hilo lilikuwa la kifundi hasa: mkulima asingelifanya, wala mchinjaji, wala mama yeyote aliyewahi kuzaa. Ilihitajika miaka thelathini ya kupinda suruali ili mtu mzima aamini kwamba mwili wake utachanika kama shati la bei rahisi.

Kitanda cha jirani alilala dereva wa lori, mtu wa kitambi, aliyekatwa asubuhi ileile kwa ugonjwa uleule. Yeye hakuwa na jina la vita. Alikuwa na njaa. Papai la shujaa likaenda kwa dereva, uji ukaenda kwa dereva, na dawa ya kulainisha, tamu kama sharubati, ikamwagwa kwenye ndoo ya takataka. Siku ya pili dereva akashika ukuta, akaenda. Chooni akapiga ukelele uliowafanya wagonjwa wa wodi ya pili waulize nani amefariki. Akarudi ametota jasho, anatabasamu.

"Mzee, ni kama kupitisha lori kwenye geti la baiskeli. Lakini likishapita, limepita."

"Sisi wengine tuna subira," akasema shujaa.

"Haya. Leo unalibana wewe, kesho litakubana lenyewe."

Siku ya tatu asubuhi daktari alisimama miguuni pa kitanda, nesi pembeni yake na faili. Tumbo la shujaa lilikuwa limekaza kama ngoma, midomo imekauka, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Umekwenda choo, mzee?"

"Nimekwenda." Kisha, kwa kuwa uongo wa mara moja haukumtosha mtu wa hadhi yake, "Tena mara mbili."

"Laini?"

"Hariri tupu."

"Vizuri sana. Nesi, mwandikie ruhusa."

Nesi akafungua kalamu. Na hapo, enyi mlioketi, vita vyote vilisimama juu ya ncha ya kalamu hiyo. Bi Kimya alikuwa ameshika chupa ya chai dirishani. Aliona mbele yake mambo yote kwa mpangilio: nyumbani, mlango umefungwa, jiwe, damu, na safari hii hakuna mwalimu mkuu wa kukumbatia. Tangu waingie hospitali hiyo alikuwa hajasema neno mbele ya watu, hata nesi alikuwa anamwonyesha mambo kwa vidole.

"Papai anakula dereva," akasema.

Wote wakageuka. Dereva alikuwa na kijiko mdomoni.

"Umesemaje, mdogo wangu?" daktari akauliza.

"Papai. Na uji. Vyote anakula dereva. Dawa iko kwenye ndoo. Baba hajakwenda tangu siku ya kisu."

"Msaliti!" akanguruma Simba wa Sindano. "Mtoto niliyemlisha! Mtoto niliyemfundisha kutunga uzi!"

Dereva akameza. "Mimi nilidhani mzee hapendi papai," akasema, na kijiko akakificha chini ya shuka.

Daktari hakufoka. Alivuta kiti, akakaa. "Kwa nini, mzee?"

Na shujaa, kwa kuwa alikuwa na hoja, akaitoa: pindo, kitambaa, kufumuka, fedheha ya kazi isiyomalizika. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kitambaa chako ukikikata, mzee, kinakua?"

"Kikue vipi? Kitambaa ni kitambaa."

"Basi nyama inakua. Ndiyo maana nimeiacha. Wewe fundi wa vitu vilivyokufa, mimi wa vilivyo hai. Kunywa dawa."

Akanywa, nesi amemsimamia. Akala papai zima huku dereva akilisindikiza kwa macho. Maji akanywa vikombe saba, beseni akalikalia mara tatu. Na kesho yake, saa nne asubuhi, Shangazi akiwa amekuja kumtazama, tumbo likabisha hodi.

Pateni picha ya msafara ule. Mbele Shangazi, mkoba kwapani, akifagia njia kwa sauti: "Pisheni! Pisheni, mtu anakwenda haja!" Nyuma yake shujaa, kanga ya marehemu mkewe kiunoni, miguu imetanuka kama ya mtu aliyeshuka kwenye ngamia, mkono mmoja ukutani na wa pili begani kwa binti. Wauguzi wakasimama. Mfagiaji akainua ufagio kama mkuki wa heshima. Binti alihesabu hatua, maana kuhesabu ndiko kulikomtuliza: thelathini na mbili.

Mlango wa choo haukuwa na kitasa. Wauguzi walikuwa wamefunga utepe wa kitambaa kwenye tundu, na aliye nje alipaswa kuushika. Shangazi alikuwa tayari anahutubia ukumbi mzima: "Ukoo wetu haujawahi kushindwa na mlango wowote!" Basi utepe akaushika Bi Kimya.

Ndani, mguu ukakwaruza sakafu. Kisha pumzi. Kisha sauti ndogo, ambayo haikuwa ya simba wala ya mfalme.

"Kimya. Upo?"

"Nipo, baba."

"Usiondoke."

"Siondoki."

"Naogopa."

Katika habari hii yote ndilo neno la kwanza la kweli alilosema, na alilisema ambako hakuna aliyemwona. Binti akaukaza utepe mkononi mpaka vidole vikafa ganzi.

Ukaja mguno. Ukaja mngurumo, na huo ulikuwa mngurumo halisi, si ule wa kuuzia suti. Ukapanda mpaka dari, ukawatoa ndege juu ya bati. Ukafuatia ukimya ambao hata Shangazi aliuheshimu. Na katikati ya ukimya huo, kitu kidogo, cha uzito wa kokwa, kikaanguka majini.

"Limepita!" dereva akapiga kelele kutoka kitandani kwake. "Nilisema likipita limepita!"

Wodi ikapiga makofi. Shangazi akapiga vigelegele, akamkumbatia mfagiaji na ufagio wake. Shujaa akatoka, macho mekundu, akasimama mlangoni akainua mkono kutaka asikilizwe.

"Ndugu zangu," akaanza, na hapo simba alikuwa amesharudi, "leo mmeshuhudia..."

"Laini au kigumu?" akauliza nesi.

"Mmeshuhudia jinsi mwanamume..."

"Damu ipo?"

"Kidogo. Michirizi."

"Ya kawaida hiyo." Nesi akaweka alama moja ya vema kwenye faili, kwa kalamu ya bluu, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Ndiyo nishani pekee iliyotolewa katika vita vile.

Majuma sita yakapita, ya papai, beseni na kulalama. Kidonda kikajifunga chenyewe, kutoka ndani kuja nje, kama alivyosema mwenye raba za kijani, damu ikakoma, rangi ikarudi usoni, weupe wa ukoo ukapotea. Siku aliyokalia tena kiti cha cherehani, matako yote mawili kwa usawa, alinyoosha miguu akakanyaga pedali kama anayepanda farasi. Juu ya mlango, baada ya jina lake, akaongeza neno "Mshindi". Rangi ikamwishia kwenye herufi ya mwisho.

Na akasimulia. Alimsimulia mwalimu mkuu, aliyekuja kuchukua suruali yake kwa tahadhari. Aliwasimulia watu waliokuja kuomba chenji tu. Katika masimulizi yake vinundu vitatu vikawa saba, daktari mfupi akawa jitu lenye mizinga, na binti hakuwemo.

Adhuhuri moja alikuwa anamsimulia kijana aliyekuja kupimwa koti. Bi Kimya alikuwa anapiga pasi. Aliona kitu kidogo: kijana alikuwa ameketi kwenye ukingo wa benchi, upande mmoja, mkono umeegemea goti kubeba uzito wa upande wa pili.

"Miaka miwili!" baba akasema. "Miaka miwili niliubeba mzigo ule peke yangu, na hakuna aliyejua. Hata huyu tunayeishi naye nyumba moja. Mwanamume, kijana wangu, ni siri. Mwanamume huvumilia."

Kijana akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa dawa.

Bi Kimya akaisimamisha pasi. Akaenda kwenye kabati, akatoa foronya nne nyeupe alizozikunja chini ya mabaki ya vitambaa, kila moja na kivuli cha doa ambacho sabuni ilishindwa kukitoa, akazipanga mezani juu ya koti la watu, mbele ya mkasi, mbele ya mgeni. Baba akaziangalia. Mguu ukaacha pedali.

"Nilijua," akasema binti, na sauti haikutetemeka kama alivyoogopa. "Tangu doa la kwanza. Foronya nyekundu nilishona mimi, ili isionekane. Aibu yako ilitaka kukuua, baba, na mimi ndiye niliyekuwa nikiifua."